Optokapla ipo, mbona bado napigwa shoti?

Swali limetoka kwa fundi wa Kondele, Kisumu. Nimelifupisha kidogo. Kwa msomaji mgeni: Arduino Nano ni kompyuta ndogo ya kutoa amri, triaki ni swichi ya elektroniki ya umeme wa AC, optokapla ni kipande kinachopitisha amri kwa mwanga bila waya kuvuka, na veroboard ni bodi yenye mistari ya shaba. Swali ni hili:

"Mwalimu, natengeneza mashine za kuangulia vifaranga. Hita ni ya wati 1,000, umeme ni huu wa kawaida wa nyumbani. Naiwasha kwa Arduino Nano kupitia optokapla ya MOC3021 na triaki ya BT136, zote kwenye veroboard, na picha nimekutumia. Hita inawaka na kuzima vizuri kabisa. Lakini juzi nilichomeka USB ya laptopu nibadilishe programu, cheche ikaruka na tundu la USB likafa. Leo nimegusa waya wa sensa nikapigwa shoti, na wiki jana niliugusa huohuo bila kusikia kitu. Je, optokapla niliyouziwa ni feki? Na ile IC ya IR2110 niliyoitoa kwenye inveta mbovu, inaweza kutenga umeme vizuri zaidi? Halafu binamu yangu Kakamega ana mashine ya posho ya fezi tatu, anataka iwashwe na bodi kama hii."

Ndugu fundi, kwanza chomoa mashine hiyo kwenye soketi na uiache hivyo mpaka umalize kusoma. Mayai yakipoa saa moja kwa kawaida hayaharibiki. Wewe ukishika ule waya wa sensa huku umekanyaga sakafu yenye maji, hayo ni mambo mengine.

Optokapla yako haina hatia. Hita inawaka na kuzima kwa amri ya Nano, maana yake taa ya ndani na triaki ndogo iliyo mbele yake zinafanya kazi. Kosa liko kwenye picha yako ya tatu, pembeni kabisa: kapasita ya njano iliyoandikwa 105J 400V, diodi nne, zena moja (diodi ya kubana volti), na nyaya mbili zinazokwenda Nano. Hiyo ni saplai isiyo na transfoma. Kapasita ya mikrofaradi 1 kwenye volti 240 za hezi 50 inapitisha miliampea 75 hivi, zinanyooshwa na diodi, zena inazibana ziwe 5V, na Nano inafurahi. Saplai ya namna hiyo inafaa ndani ya balbu ya LED, mahali ambapo kila kitu kimefunikwa kwa plastiki na hakuna mkono unaoingia. Lakini kati ya GND yake (waya hasi) na nyaya za umeme mkuu hakuna pengo. Kuna diodi tu. Umejenga ukuta mzuri upande mmoja wa bodi, na upande wa pili umeacha mlango wazi.

Nimeona pia plagi ya pini mbili, ile ambayo hapa kwetu tunaiingiza kwenye soketi ya matundu matatu kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu. Plagi hiyo inaingia pande zote mbili. Ukiichomeka hivi, GND ya saplai yako inakaa karibu na nyutro, tofauti ni volti chache. Unagusa, husikii kitu, unaamini mashine ni salama. Ukiigeuza, GND ileile inakaa kwenye waya wa moto. Nano haioni tofauti yoyote, kwa sababu kwake 5V ni 5V, iwe imesimama juu ya nyutro au juu ya volti 240. Ndiyo sababu ya wiki jana na leo. Na usidhani plagi ya pini tatu ni dawa: soketi zilizofungwa kinyume si haba katika vyumba vya kupanga.

Laptopu nayo ilikufa kwa njia hiyohiyo. Chaja nyingi za laptopu zenye pini tatu zinaunganisha upande hasi wa kutoa umeme na waya wa ardhi, na upande hasi ndio bati la USB. Siku hiyo GND yako ilikuwa kwenye waya wa moto. Ulipochomeka, uliunganisha waya wa moto na ardhi ukipitia tundu la USB. Ungekuwa unatumia betri bila chaja pengine cheche isingeruka, lakini laptopu nzima ingekuwa na volti 240 ukiwa umeipakata. Hilo ni baya zaidi kuliko cheche.

Kwa hiyo acha kufikiria kwamba optokapla ndiyo inayotenga. Kinachotenga ni pengo linalozunguka upande mdogo wote, ule wa 5V, na optokapla ni mahali pamoja tu ambapo ishara inaruhusiwa kuvuka. Chukua mchoro wako, chora mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: kushoto Nano, sensa, skrini, vitufe, kulia waya wa moto, nyutro, triaki, hita. Kisha tafuta kila kinachovuka mstari huo. Saplai inavuka. Optokapla inavuka. Waya wa sensa unaopita kando ya hita unavuka, kwa sababu siku plastiki inayoufunika ikiyeyuka utakuwa mguso mmoja. Skrubu inayoshika bodi inavuka ikiwa kichwa chake kimelalia njia ya shaba. Bati la kupoza triaki linavuka. Mchoro ukiwa na mvukaji mmoja asiyejulikana, wengine wote wamefanya kazi bure.

Tuanze na saplai. Toa kapasita hiyo na diodi zake, weka saplai yenye transfoma ndani. Moduli ndogo ya kulehemu kwenye bodi kama HLK-PM01 inatoa 5V na miliampea 600, inatosha Nano na skrini na sensa. Chaja nzuri ya simu pia inafaa. Neno nzuri hapo lina uzito, kwani kuna chaja za bei ya soda ambazo ndani yake nyaya za upande mkubwa na mdogo wa transfoma zimelaliana. Kabla hujaiamini saplai yoyote, ichomoe, weka maltimita kwenye alama ya diodi, gusisha ncha moja kwenye pini ya plagi na nyingine kwenye GND ya 5V, kisha badilisha ncha, kisha rudia kwa pini ya pili na kwa waya wa 5V. Saplai iliyotengwa haisomi chochote, upande wowote. Ile yako ya kapasita itakuonyesha 0.6 hivi kwenye pini mojawapo: hiyo ni diodi moja iliyosimama kati ya mkono wako na umeme mkuu.

Jambo moja litakutisha baadaye, nilitaje mapema. Ukiwa na saplai nzuri iliyotengwa, maltimita inaweza kusoma volti 80 au 120 kati ya GND na ardhi, na ukigusa bati utahisi mnyeo. Ndani yake kuna kapasita ndogo ya kuzuia kelele, imewekwa makusudi ikivuka pengo, na imetengenezwa ili ikiharibika isiunganishe pande hizo mbili. Mkondo wake ni sehemu ndogo sana ya miliampea. Mimi humaliza mnyeo huo kwa kuunganisha GND ya upande mdogo na bati la mashine lililofungwa waya wa ardhi, mahali pamoja tu. Kuna mafundi wanaopinga, wanataka upande mdogo uelee. Sikubaliani nao kwa mashine kama yako, ambayo mkulima ataingiza mkono ndani kila siku kugeuza mayai na kuongeza maji. Pengo likivunjika siku moja, upande unaoelea utakaa kimya ukiwa na moto, ukisubiri mtu. Uliofungwa ardhi utapiga fyuzi au utaangusha kinga ya mvujo ya miliampea 30, ile swichi inayokata umeme ukivuja. Lakini ardhi yenyewe iwepo kweli, na plagi ya kalamu haina ardhi.

Sasa upande wa triaki, na hapa kuna mambo mawili ambayo yangekuunguza hata saplai ingekuwa sawa.

BT136 ni ya ampea 4. Wati 1,000 kugawanya kwa volti 240 ni ampea 4.2. Inafanya kazi kwa kuhurumiwa na hali ya hewa. Baya zaidi, mgongo wake wa chuma umeunganishwa na mguu wa kati, yaani mguu wa T2. Bati la kupoza ulilolifunga kwa skrubu bila karatasi ya mika ya kuzuia umeme lina umeme, na kwenye picha bati hilo linagusa ukuta wa mashine. Nunua BTA16-600B. Herufi A kwenye BTA inamaanisha mgongo umetengwa kwa ndani, volti 2,500. BTB ni ndugu yake asiyetengwa, na dukani utapewa yoyote usipoangalia. Ampea 16 ni nyingi kuliko unavyohitaji, na ndivyo inavyofaa. Kwa mzigo wako triaki itatoa joto la kama wati 5, hivyo bati la kupoza la ukubwa wa kiganja, likae nje ya chumba cha mayai, nalo pia lifungwe ardhi.

Optokapla badilisha pia, ingawa si feki. MOC3021 inavumilia volti 400. Umeme wa volti 240 una kilele cha 339, kwa hiyo umebaki na volti 60 za kujikinga. Mtu anayeishi kati ya Kisii na Kakamega na ngurumo za ziwa hawezi kuishi na nafasi hiyo. Zaidi ya hapo, MOC3021 inawaka wakati wowote ule katika wimbi. Imetengenezwa kwa kupunguza mwanga wa taa. Hita haitaki hayo. Tumia MOC3063, volti 600, au MOC3083, volti 800. Hizi husubiri umeme ukaribie sifuri ndipo ziwashe, kwa hiyo hakuna kelele kwenye redio ya jirani na triaki haipigwi na mkondo wa ghafla. Utawasha mizunguko kadhaa, utazima kadhaa, ndani ya dirisha la sekunde moja au mbili, hita haitajua. Tahadhari moja tu: kwenye inveta ya bei rahisi isiyotoa wimbi safi, umeme unaruka kutoka sifuri hadi juu ghafla, na optokapla hizi zinaweza kukataa kuwaka. Mteja akikwambia mashine inafanya kazi kwa stima lakini si kwa betri, anza hapo.

Kuunganisha ni hivi. Upande wa Nano, pini ya kutoa amri inapitia rezista ya ohm 330 kwenda mguu wa 1 wa optokapla, mguu wa 2 unakwenda GND. Taa ya ndani inakula volti 1.3 hivi, zinabaki 3.7, mkondo ni miliampea 11. MOC3063 inahitaji 5. Ukitumia bodi ya 3.3V kama ESP32, weka ohm 180. Waya uwe hivyo, pini ikisukuma na GND ikipokea, ili Nano inapoanza upya na pini zake zikiwa hewani hita ibaki imezima. Mguu wa 3 haufanyi kitu. Mguu wa 5 usiunganishwe na chochote kabisa; nimeona michoro kwenye simu za vijana ikiupeleka kwenye nyutro "kwa usalama", na hiyo ni kuua kifaa.

Upande mkubwa, waya wa moto unapita kwenye fyuzi ya ampea 8, unakwenda A2 ya triaki, ule mguu wa kati niliouita T2. Kutoka A2 hiyohiyo rezista ya ohm 360 ya nusu wati inakwenda mguu wa 6 wa optokapla. Mguu wa 4 unakwenda geti, mguu wa kuiamsha triaki. Rezista nyingine ya ohm 360 kati ya geti na A1, mguu wa triaki uliobaki. Kutoka A1 unakwenda hita, kutoka hita unakwenda nyutro. Umeme wa kuamsha geti lazima utoke A2. Ukikosea ukautoa A1, triaki haitawaka na utalaumu programu usiku kucha. Ile ohm 360 si ya kubahatisha: triaki ndogo ya ndani inavumilia ampea 1 kwa muda mfupi sana, na 339 kugawanya kwa 360 inakuweka chini kidogo ya hapo. Triaki kubwa ikishawaka, volti kati ya A1 na A2 hushuka hadi moja na ushee na rezista inapumzika. Ukikuta rezista hiyo imeungua nyeusi, usiibadilishe tu. Mara nyingi ina maana triaki kubwa imeshindwa kuwaka na mzigo wote ulipita njia ya optokapla.

Swichi, yaani triaki, ikae kwenye waya wa moto, si kwenye nyutro. Ukikata nyutro, hita iliyozima bado ina volti 240 mwilini. Na hata kwenye waya wa moto, triaki iliyozima haijazima kama unavyodhani. Ile rezista na kapasita zinazowekwa sambamba na triaki kuzuia kuwaka ovyo, ohm 39 na nanofaradi 10 kwa kawaida, hupitisha miliampea 0.75 muda wote. Weka nanofaradi 100 kama ulivyoweka wewe, ni miliampea 7.5, hiyo inauma. Rudi kwenye 10, na kapasita iwe ya alama ya X2 kwa umeme wa mtandao, si ile ya kijani ya redio. Baada ya fyuzi weka varista (kifaa cha kumeza volti za ghafla) ya 14D471 kati ya moto na nyutro kwa ajili ya radi. Mwenye kuosha hita achomoe plagi au azime swichi inayokata nyaya zote mbili. Programu ikisema "imezima" asiiamini.

Veroboard ndiyo inayonisumbua kuliko vyote. Ukikalisha optokapla juu yake, mguu wa 1 na mguu wa 6 vinalala kwenye mstari mmoja wa shaba. Vivyo hivyo 2 na 5, 3 na 4. Umekata kwa ncha ya drili, tundu moja kila mstari. Ukipima mkato huo utakuta milimita 2 na kitu. Miguu ya optokapla imeachana milimita 7.62, kiwanda kimekupa pengo lote hilo, nawe umelirudisha hadi 2. Mimi sikubali chini ya milimita 6 kati ya pande mbili, na nikiweza huweka 8. Kati ya safu mbili za miguu kuna matundu mawili kwenye kila mstari. Bandua shaba yote ya hapo kwa kisu cha moto, si kuikata tu. Utapata tano na nusu hivi, bado chini ya 6, kwa hiyo usiishie hapo. Ukichonga mwanya wa milimita 2 chini ya tumbo la optokapla kwa msumeno mdogo, uso wa bodi unakatika kabisa na uchafu hauna daraja la kupita.

Uchafu huo si maneno ya kitabu. Ndani ya mashine ya vifaranga kuna joto la nyuzi 37.5, unyevu wa asilimia 55 na kuendelea, na siku ya kuanguliwa manyoya laini yanaruka kila mahali. Manyoya yakilowa yanalala juu ya bodi na kupitisha umeme kidogo kidogo, njia inaungua ikawa kaboni, na kaboni haikauki. Ongeza wadudu wa ziwani wanaofuata mwanga wa LED usiku na kufia ndani ya boksi. Bodi ikae kwenye boksi lake lililofungwa, nje ya chumba cha mayai. Baada ya kulehemu osha mabaki ya fluksi kwa spiriti na brashi, iache ikauke, kisha paka vanishi ya bodi pande zote mbili. Nyaya za upande mkubwa ziingie kwa tundu lao, za sensa kwa lao, na zisifungwe pamoja kwa kamba moja ya plastiki.

Pengine unajiuliza mbona usitumie relei ile ya bluu ya ampea 10 na kuachana na haya yote. Relei inatenga vizuri, siibezi. Lakini maisha yake ikibeba mzigo ni kama mara 100,000, na ukiiwasha kila sekunde 10 ni mara 8,640 kwa siku. Siku ya kumi na mbili imekwisha, na kuku anaangua kwa siku 21. Ukiitumia, panua dirisha hadi dakika. Na zile bodi za relei zenye optokapla, ukiacha kile kijumper (kiunganishi kidogo) cha JD-VCC mahali pake, optokapla ya juu yake haitengi kitu. Kinachotenga ni relei yenyewe.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Triaki ikifa, mara nyingi inakufa imefunga. Haizimi tena. Ile swichi nyeupe ya kununuliwa, SSR (relei ya elektroniki) ya 25 au 40 DA, inakufa hivyohivyo, na nyingi za sokoni ndani yake zina kipande kidogo kuliko namba iliyoandikwa juu. Hita itaendelea usiku kucha, mayai yataiva, na kama ukuta ni wa mbao utakuwa na moto. Programu haiwezi kukusaidia, maana tayari imesema "zima" na hakuna anayesikia. Weka themostati ya kapilari ya ampea 16 mfululizo na hita, nyuzi moja au mbili juu ya joto la kazi, isiyojua lolote kuhusu Nano. Kando ya hita weka fyuzi ya joto, ile inayokatika mara moja tu. Bei yake ni ndogo kuliko trei moja ya mayai ya kienyeji.

IR2110 iache. Ni IC nzuri, inaendesha transista za juu hadi volti 500, lakini haitengi. Inainua ishara ndani ya kipande kilekile cha silikoni, na mguu wake wa COM ni GND ya upande mkubwa. Kwenye inveta inafaa kwa sababu pale kuna kitu kingine kilichotenga, au hakuna anayegusa. Ukitaka kuendesha transista kubwa za MOSFET au IGBT kwa utengano wa kweli, tafuta optokapla ya TLP250 na uipe saplai yake ya volti 15 iliyotengwa, tofauti kwa kila transista ya juu. Ukichukua 15V hizo kutoka saplai ya Nano umerudi kwenye hadithi ya kapasita ya njano. Thairista (ndugu wa triaki wa kupitisha upande mmoja) kubwa za chaja za betri huamshwa kwa transfoma ndogo ya mapigo. Hiyo inatenga vizuri, ila haipitishi amri ya kudumu, inataka mapigo mafupi mfululizo, na diodi ya kumaliza sumaku katikati ya pigo na pigo. Ukiisuka mwenyewe, rangi ya waya wa shaba si kihami cha kutosha kati ya upande na upande. Weka tabaka tatu za tepu.

Ukimaliza kujenga, usikimbilie soketi. Fungua Nano na sensa, unganisha pamoja nyaya zote za upande mdogo, unganisha pamoja moto, nyutro na nyaya za hita, na kama ulifunga GND kwenye ardhi, ifungue kwanza. Azima mega (kipimo cha uimara wa kihami) ya volti 500 kwa fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, pima kati ya mafungu hayo mawili. Chini ya megaohm 1 ni kukataa moja kwa moja. Bodi mpya, safi, inatakiwa kusoma mbali juu ya hapo. Pima tena kati ya fungu la umeme mkuu na bati la mashine. Kisha rudisha kila kitu, ikiwemo ardhi, na washa mara ya kwanza ukiwa na balbu ya wati 100 ya zamani mahali pa hita. Programu weka plagi ikiwa nje ya soketi, chomoa USB, ndipo uchomeke umeme. Ukihitaji kusoma namba mashine ikifanya kazi, tumia ESP32 ikutumie kwa Wi-Fi. Na usiwahi kubana ncha ya ardhi ya osiloskopu (kifaa cha kuchora wimbi la umeme) upande wa triaki, hata kwa sekunde. Ncha hiyo imefungwa na ardhi ya soketi, utaona cheche kubwa kuliko ile ya laptopu.

Ya binamu yako Kakamega ni nyepesi kuliko unavyofikiri, kwa sababu bodi yako haitagusa mota. Kati ya fezi na fezi kuna volti 415, kilele chake 587, na triaki yako ya volti 600 haina kazi pale. Mota inawashwa na kontakta (relei kubwa ya mota) pamoja na relei ya kulinda mzigo kupita kiasi, na koili ya kontakta ndiyo utakayoiendesha, kwa relei ndogo tu, maana inawashwa mara chache kwa siku. Kitufe chekundu cha kusimamisha kikate koili moja kwa moja, kisipite kwenye Nano. Na kontakta ijishikilie kwa mguso wake yenyewe, ili stima ikikatika na kurudi mota isianze peke yake mtu akiwa ameinamia kinu. Kama tayari ana stata, boksi la kuwashia mota, usiibomoe. Bodi itaingia kwenye nyaya za vitufe vyake. Nitumie picha ya kibandiko cha mota na ya ndani ya stata kabla hajanunua chochote.